Jipe, Chala au Naivasha? Familia kadhaa zikitoka Mombasa kupiga kambi ziwani

Likizo ya Agosti ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya kifamilia hapa Mombasa huchangamka kwa swali moja: mwaka huu tukalale wapi na watoto wote, na isiwe baharini? Bahari tunayo mlangoni, watoto wameizoea hata hawaitazami. Wanachotaka ni hema, moto, na mnyama wa kwenda kusimulia shuleni. Jibu huwa ni ziwa, na yanayotajwa sana ni matatu: Jipe, ambalo sehemu yake iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi, Chala, karibu na mji wa Taveta, na Naivasha, kule Bonde la Ufa.

Mchana yote matatu yanapendeza, kwa hivyo picha za waliotangulia hazitakusaidia kuchagua. Mimi huyapima kwa saa za giza. Kuanzia magharibi mpaka alfajiri watoto watakuwa wapi, choo kiko umbali gani, na kati ya hema na choo kuna nini? Familia moja yenye watoto wawili itajipanga popote. Familia tano zenye watoto kumi na kitu, nyanya mwenye magoti mabovu na mtoto wa kubebwa ni habari nyingine kabisa, maana watoto wakiwa wengi kila mzazi hudhani mwenzake ndiye anayeangalia.

Njia

Jipe na Chala ziko kona moja, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Unatoka Mombasa, unapita Mariakani, unafika Voi baada ya kilomita kama 150 za kuvizia malori, kisha unakata kushoto: Mwatate, Bura, Maktau, mpaka Taveta. Kipande hicho cha Voi hadi Taveta ni kilomita kama 110 na sasa ni lami. Mkiondoka baada ya sala ya alfajiri, mchana mko huko na watoto bado wana hamu ya kushika vigingi vya hema. Kabla ya kuingia Taveta kuna kilima cha Salaita, ambako Februari 1916 jeshi la Waingereza lilishambulia na Wajerumani na askari wao wakalirudisha nyuma. Kama kuna mjomba anayependa historia kwenye msafara, mpeni dakika ishirini zake hapo, la sivyo atawahadithia safari nzima.

Kwenda Jipe mnaiacha lami na kuingia barabara ya vumbi. Kiangazi gari la kawaida lililoinuka kidogo linafika. Masika ni tope, na basi dogo lililojaa watu na masufuria likizama hakuna wa kulisukuma ila nyinyi wenyewe.

Naivasha ni zaidi ya kilomita 550, na kwa watoto hiyo si safari ya siku moja ya kufurahisha. Wengi hupanda treni mpaka Nairobi, kisha hukodi gari. Treni ni raha, shida iko kwenye mizigo: mtungi wa gesi haupiti kwenye ukaguzi wa stesheni ya Miritini, na kisu cha kukatia nyama hakipiti pia. Maana yake jiko lote mtalinunua au mtalikodi bara. Wikendi ya siku tatu ukiipeleka Naivasha, siku mbili zimeliwa na njia. Kama hamna angalau siku tano, liondoeni kwenye orodha mapema ili kikundi kisipoteze wiki nzima kubishana.

Jipe mchana, na Jipe usiku

Jipe ni ziwa pana lisilo na kina. Sehemu kubwa haifiki mita 3. Maji yake huletwa na mto Lumi kutoka upande wa Kilimanjaro, pamoja na vijito vya milima ya Pare iliyo ng'ambo, Tanzania, na mpaka wa nchi mbili unapita humohumo majini. Ukikaa kambini jioni jua linazama nyuma ya Pare, na anga likiwa safi Kilimanjaro inachomoza mkono wako wa kulia. Ndege ni wengi kwenye matete. Tembo wa Tsavo, wale wekundu kwa udongo wa kwao, huja kunywa, hasa kiangazi kikikaza na visima vya porini vikikauka. Kwa upande wa kuona wanyama bila kuendesha gari kutwa nzima, hakuna ziwa jingine karibu na Mombasa linalofikia hapo.

Jua likishazama wanaanza mbu. Sisi watu wa pwani tunapenda kujifanya mbu ni jirani zetu, lakini wa Jipe hutoka kwenye matete kwa makundi, na saa ya magharibi, watu wanapotaka kutawadha na kupakua chakula, ndiyo saa yao. Huku ni eneo la malaria. Hema lisilo na wavu mzima kwenye kila dirisha lisipande gari. Likagueni nyumbani, lipigeni barazani au uani, na zipu zote zivutwe mara kadhaa. Zipu iliyokatika huwa haigunduliwi ila usiku wa kwanza.

Halafu viboko. Kiboko hushinda majini na usiku hutoka kula nyasi, na nyasi zilizo karibu na maji ndizo zilezile zinazovutia watu kupiga hema. Usitegemee uzio wa kumzuia. Hana haja na watu, lakini akikuta mtu kati yake na maji hupita palepale, hana breki. Kwa hivyo fikiria hali hii, ambayo itatokea tu: saa nane za usiku mtoto wa miaka mitano anaamka anataka choo. Baba anafungua zipu nusu, anamulika tochi polepole kutoka kushoto kwenda kulia, anazima, anasikiliza. Kiboko husikika kabla ya kuonekana. Nyasi zinang'olewa kwa mafungu, katikati yake pumzi nzito, kisha zinang'olewa tena, karibu kuliko ulivyodhani. Ukisikia hivyo zipu inafungwa na mtoto anapewa ndoo. Ndoo yenye kifuniko ndani ya kila hema ina thamani kuliko godoro, na kina mama wakubwa wasione haya kuitumia.

Ndiyo maana Jipe nalipenda kwa familia zenye watoto wa kuanzia miaka saba au minane, wanaoelewa neno "usitoke". Kwa wa umri huo usiku huu ni hazina: wanalala wamebanana, wanahesabu milio, na asubuhi wanapima nyayo kwa viganja vyao. Kwa kundi lenye watoto wanaotambaa na wanaoanza kutembea, mtu mzima mmoja atalazimika kumshika kila mmoja wao tangu saa kumi na moja jioni, na atakayekuwa anashika hapiki wala hapumziki. Hesabuni watu wazima wenu vizuri.

Kuna nafuu moja. Shirika la Wanyamapori, KWS, lina nyumba ndogo za kulala hapohapo Jipe, zinazoitwa mabanda. Nyanya, mjamzito na wenye watoto wachanga wanalala bandani, wengine wanapiga mahema jirani. Ni chache, kwa hivyo ndizo za kushikwa mwanzo. Langoni ulizeni pia kuhusu kuwekewa askari wa usiku. Kundi kubwa likigawana, gharama yake haihisiki, na watu hulala.

Maji ya ziwa si ya kuogelea. Mamba wamo, na maji yaliyotulia yenye magugu ni makao ya konokono wa kichocho. Hili liamueni na watoto mkiwa bado nyumbani, wala lisisubiri mpaka wawe wameshavua viatu ukingoni.

Malipo ya hifadhi hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si kwa noti mkononi. Mnalipia kila kichwa, mnalipia kambi, mnalipia na gari kulingana na idadi ya viti. Wakubwa wawe na vitambulisho, maana bei ya raia ni yake na ya mgeni ni yake. Kama ami yenu aliyetoka Uingereza au Oman amekuja na pasipoti ya huko, jueni atakavyohesabiwa kabla ya kugawana mchango. Na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutupwa haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Katoni za maji ya chupa ndogo, vikombe na vijiko vya arusi, vyote vibaki Mombasa. Bebeni mitungi ya lita 20 na vikombe vya bati. Kuni za porini haziokotwi, kwa hivyo gunia la makaa liingie kwenye orodha.

Chala ni la mchana

Chala halitanichukua muda. Ni ziwa lililokaa ndani ya kasoko ya volkeno, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, na maji yake hujipenyeza chini ya ardhi kutoka mlimani. Eneo lake ni kama kilomita mraba 4 tu, lakini kina kinapita mita 90. Ukisimama ukingoni unatazama chini kwenye maji ya rangi ya samawati au kijani kulingana na jua, na hapo hata vijana wa simu hunyamaza kidogo.

Sasa weka watoto kumi na wawili juu ya ukingo huo, giza liwe limeingia, na wawe wanafukuzana. Mimi hapo nimeshajibu. Kuna ukuta wa miamba unaoshuka moja kwa moja, njia ya kuteremka ni ya mwinuko mkali, na usiku huwezi kuona ardhi inaishia wapi. Ukifika chini, mamba wamo pia. Machi 2002 msichana wa Kiingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba akiogelea humo. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiambiana Chala halina mamba, na hata leo utamsikia mtu akisema hivyo kwa kujiamini.

Upande wa Kenya ziwa hili haliko ndani ya hifadhi ya taifa. Hakuna lango la KWS, jambo linalopunguza gharama, lakini pia hakuna askari wala ofisi ya kukimbilia. Kwa vijana peke yao wenye mwenyeji wa Taveta, sawa, wakalale. Kwa familia nyingi, liwekeni siku ya kurudi nyumbani: mvunje kambi Jipe asubuhi, mpande Chala, mle chakula cha mchana mbali na ukingo, mwanze safari. Liwe siku ya kuondoka kweli, kwa sababu mkitoka hifadhini na kutaka kurudi huenda mkalipa kiingilio upya.

Naivasha, yenye uzio

Naivasha inashinda katika kile kile ambacho Jipe inashindwa. Kambi zake nyingi, zilizojipanga kwenye barabara ya kusini ya ziwa, ni za watu binafsi na zimeshazoea familia. Kuna nyasi zilizokatwa, vivuli vya migunga ya manjano, vyoo vya kuvuta maji, bafu za maji moto, na kati ya mahema na ziwa kuna uzio wa umeme wa kuzuia viboko. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukimbia baada ya magharibi huku mama yake akinywa chai. Kiboko anaonekana, yuko ng'ambo ya waya. Kwa kundi lenye watoto wadogo wengi, hapo mashindano yamekwisha.

Ila ulizeni kuhusu uzio huo kwa maneno ya wazi mnapopiga simu: upo mzima, unawashwa usiku, na umeme ukikatika inakuwaje? Ziwa limekuwa likipanda kwa miaka, na kambi zilizokuwa na uwanja mpana kando ya maji baadhi yake zimepoteza nyasi. Picha ya mwaka 2015 isikudanganye. Omba picha ya wiki hii.

Baridi nayo mtu wa Mombasa haiamini mpaka imkute. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai au Agosti joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Leso mbili na shuka hazitoshi. Kila mtoto awe na blanketi zito, soksi na kofia, na chini ya godoro pawe na mkeka au turubai, kwani baridi kali hutoka ardhini. Faida yake ni kwamba mbu na malaria si tatizo kubwa kule kama lilivyo Taveta.

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye matangazo ni kelele. Naivasha ndiyo uwanja wa wikendi wa Nairobi. Ijumaa jioni magari yanaingia na spika, na kambi nyingi zina baa. Familia zinazotaka utulivu, au ambazo hazipendi watoto wao walale jirani na watu wanaokunywa, ziende katikati ya wiki, au zitafute kambi isiyouza pombe na iandike kabisa kwamba muziki unazimwa saa ngapi. Tarehe za mbio za magari za Safari Rally, ambazo tangu 2021 zimerudi kwenye mashindano ya dunia na hukimbiwa hukohuko Naivasha, mziepuke bila mjadala. Hakuna kitanda, na hata nyasi zina mwenyewe.

Mchana kuna Hell's Gate, hifadhi ya KWS ambamo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala. Wavulana wa miaka kumi hadi kumi na tano wataikumbuka kuliko ziwa lenyewe. Korongo lake ni jambo jingine: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba humo. Mvua ikiwa hata imetanda mbali, msilishuke, na msikubali kubembelezwa.

Chakula, sala na faragha

Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jipe hamna mkahawa wa kukimbilia, mnachobeba ndicho mnachokula. Naona hilo ni jema kwa kundi kubwa, kwa sababu linalazimisha zamu: kila familia inashika mlo mmoja na kuutoa kwa wote. Usiku wa kwanza uwe wa pilau, na nyama itiwe viungo na kugandishwa Mombasa, ikae juu ndani ya sanduku la barafu. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga unafaa siku ya pili ikiwa mmekuta tilapia mbichi Taveta. Tungule, ndizi na mboga zinunuliwe huko pia, ni rahisi na ni mbichi kuliko za kuzungushwa garini. Mahamri yakandwe na kupikwa nyumbani kabisa, maana kuchemsha mafuta karai zima kati ya watoto wanaocheza gizani ni hatari isiyo na sababu. Nyani hawana adabu, kwa hivyo mkate na sukari vilale ndani ya gari, visilale ndani ya hema, hata kama hema limefungwa.

Naivasha mnaweza kupika, mnaweza kula mkahawani, na ndiyo sababu zamu huvunjika. Familia yenye pesa inaagiza chipsi, watoto wa familia ya pili wanalia, na siku ya pili kila mtu anakula kivyake. Kama mnakwenda huko, semeni mapema ni milo mingapi ya pamoja. Nyama ya halali nayo iulizwe kabla ya kuagiza.

Kibla hakisumbui popote, ni kaskazini kama nyumbani, kimeegemea mashariki kidogo tu. Maji ya udhu Naivasha ni ya bomba, Jipe yahesabiwe kwenye mitungi, na hayo ndiyo husahaulika watu wanapopiga hesabu ya kunywa na kupikia. Kwa kina mama, Naivasha ina bafu zenye milango lakini mnazitumia pamoja na wageni, wakati Jipe katikati ya wiki mara nyingi uwanja ni wenu peke yenu. Turubai na kamba vinatosha kuzungushia pembe ya kuogea na kubadilisha nguo, ipigwe upande wa magari, mbali na maji.

Mnachagua vipi, basi

Kwanza andikeni umri wa kila mtoto na hesabu ya watu wazima watakaolala huko kweli, si wale watakaokuja kula na kurudi. Wadogo wa chini ya miaka sita wakizidi nusu ya watoto wote, na siku mnazo, nendeni Naivasha katikati ya wiki. Wakiwa wachache, na mna siku tatu au nne tu, ni Jipe, mwisho wa Julai au Agosti, kabla vuli haijakaribia.

Pesa zisiamue peke yake. Ukijumlisha yote tofauti si kubwa kama inavyoonekana: Jipe fedha zinakwenda langoni, Naivasha zinakwenda njiani. Mchango ukusanywe na mtu mmoja, kwa namba moja ya M-Pesa, na uwe kwa kichwa, usiwe kwa familia. Nyumba ya watoto sita na nyumba ya mtoto mmoja zikilipa sawa, manung'uniko yataanzia Mariakani.

Na kama nyanya anakuja, ulizeni mabanda ya Jipe kabla hamjapanga tarehe. Siku yanapopatikana ndiyo tarehe yenu. Mahema yatafuata.